Mjenzi na Amana

Wahenga walisema: "Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani." Methali hii yatumika sana kwa tabia za watu, lakini leo na tuitumie kwa nyumba zenyewe. Je, mtu ajengaye nyumba za kuuza ana wajibu gani kwa yule atakayeishi ndani yake, zaidi ya kupokea fedha na kumkabidhi ufunguo?

Tutazame mji wa Nairobi. Tajiri hakosi nyumba, kwani wajenzi humshindania. Maskini hupanga chumba cha mabati. Kati yao yuko mwalimu, muuguzi na karani. Mshahara wake wamtosha kula na kusomesha watoto, lakini hautoshi kununua nyumba. Katika miaka ya 1970 baraza la mji, kwa msaada wa shirika la maendeleo la Uingereza, lilianza kujenga mtaa wa Buruburu kwa ajili ya watu wa namna hiyo. Walilipa mkopo wao kidogo kidogo, na wengi wakaongeza vyumba baadaye. Lakini mji ulikua upesi kuliko mitaa kama huo, na kazi ya kujenga imekuwa zaidi mikononi mwa watu binafsi.

Mjenzi akiulizwa kwa nini hamjengei mwalimu, analo jawabu. Kiwanja ni ghali. Fedha za benki zina riba kubwa. Aghalabu yeye mwenyewe hulazimika kuleta barabara, maji na mabomba ya maji machafu, na gharama hizo zote huingia katika bei. Tena wanunuzi wapatao mkopo ni wachache: mwaka 2023 mikopo ya nyumba katika Kenya nzima ilikuwa kama 30,000 tu. Basi tusimhukumu kwa haraka. Mfanyabiashara asiyepata faida hufunga duka, na duka lililofungwa halimfai mtu.

Lakini faida si sawa na dhuluma. Anunuaye unga huweza kuurudisha dukani siku ya pili akiuona umeharibika. Anunuaye nyumba hawezi kupasua nguzo atazame chuma kilichomo, wala kupima saruji iliyokwisha kukauka. Pengine hulipa hata kabla ya msingi kuchimbwa. Kwa hiyo fedha yake si bei tu, bali ni amana. Na anayekula amana ya mtu asiyeweza kumwona, huyo ni mwizi ajapovaa vizuri.

Mwezi wa Aprili 2016, usiku wa mvua kubwa, jengo la ghorofa sita lilianguka huko Huruma, na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha yao. Hao walikuwa wapangaji, si wanunuzi, lakini funzo ni moja: tamaa mbele, mauti nyuma.

Pengine mtu atasema kwamba sheria yatosha. Ni kweli kwamba Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya kupata makao ya kufaa. Lakini mkaguzi hawezi kusimama karibu na kila mfuko wa saruji. Mahali jicho la sheria lisipofika, hubaki dhamiri peke yake. Wala mzigo huu si wa mjenzi pekee. Serikali ikipeleka barabara na maji mapema, humwondolea mjenzi gharama na kisingizio pamoja. Mnunuzi naye asikimbilie rahisi bila kuuliza, kwa maana rahisi huvunja upishi.

Ninyi msomao leo, baadhi yenu mtakuwa wahandisi, waashi, makarani wa benki na wakaguzi wa majengo. Siku mtakapoombwa kupunguza chuma kidogo au kutia sahihi bila kutazama, jiulizeni neno moja: je, ningeweza kumlaza mama yangu chini ya dari hii?