Chakula cha Danieli na Sufuria Iliyofichwa



Somo letu ni Kitabu cha Danieli, sura ya 1, aya ya 8 hadi 16. Vijana wanne wa Yuda walichukuliwa mateka hadi Babeli, wakaamriwa kula chakula cha mfalme na kunywa divai yake. Danieli akaazimu moyoni asijitie unajisi. Akamwomba msimamizi awajaribu kwa siku 10, wapewe chakula cha shambani na maji tu. Siku zilipotimia, nyuso zao zilikuwa nzuri kuliko za wale waliokula mezani pa mfalme. Biblia yetu ya Union hukiita chakula kile mtama. Neno la Kiebrania lina maana ya vitu vitokanavyo na mbegu, ndiyo maana tafsiri nyingine husema mboga.

Somo hili limenigusa kwa sababu ya jambo lililonipata mwenyewe. Asubuhi moja nilizuru nyumba moja hapa Magindu. Nilipopiga hodi, nilimwona mama akifunika sufuria upesi na kuisukuma nyuma ya mlango. Mtoto akatumwa dukani, akarudi na soda na mkate mweupe. Nikala, nikanywa, nikawaombea baraka, nikaenda zangu.

Baada ya siku chache nilikutana na mama yule akitoka zahanati, amembeba mtoto wake mdogo mgongoni. Viganja vya mtoto vilikuwa vimepauka, na mama alikuwa ameambiwa kuwa damu yake imepungua. Tukazungumza. Akasema, "Baba Padre, unisamehe, hata deni la ile soda sijalimaliza." Nikamwuliza siku ile sufuriani mlikuwa na nini. Akainama. "Matembele tu, Baba. Niliona haya kukupa majani."

Ndugu zangu, aliyestahili kuona haya ni mimi. Miaka mingi nimepokea soda katika nyumba zenu bila kuuliza imetoka wapi. Kwa kunyamaza kwangu nimewafundisha kwamba chakula cha heshima hutoka dukani, na kwamba kilichoota uani ni cha kufichwa.

Wazee wetu watakumbuka vikundi vya redio vya kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Mafundisho yale hayajachakaa. Majani ya kijani kibichi yana madini ya chuma yanayosaidia kujenga damu, na vitamini A inayolinda macho. Hata hivyo asubuhi watoto wengi huenda shule na chai ya rangi na kipande cha muhogo. Muhogo hushibisha, lakini peke yake haujengi mwili. Tena chai ikinywewa pamoja na mlo huzuia chuma kisiingie vizuri mwilini. Yafaa chai isubiri kama saa moja hivi.

Siku hizi watu wa mjini husaga majani na matunda katika mashine ya umeme, wakanywa asubuhi. Jambo hili twaliweza hata kwa kinu. Chukua konzi ya mchicha mchanga au majani ya mlonge, uyaoshe vizuri kwa maji safi. Yatie katika maji yanayochemka kwa muda mfupi, uyatoe, uyatwange yalainike. Ponda papai au ndizi mbivu, changanya, ongeza maji yaliyochemshwa yakapoa, kisha kamulia ndimu. Ndimu husaidia mwili kupokea chuma kilichomo katika majani. Usichuje, na mnywe mara moja, kisilale. Wakila na karanga kidogo ni vema zaidi, kwa kuwa mafuta husaidia vitamini A kuingia mwilini. Asiye na matunda aweza kukoroga unga wa mlonge, uliokaushwa kivulini, katika uji akisha kuuepua.

Lakini sikilizeni onyo. Kisamvu kisinywewe kibichi kamwe, kwa maana kina sumu. Kitwangwe na kuchemshwa sana, kama mama zetu walivyotufundisha. Na mtoto aliye chini ya miezi 6 asipewe kinywaji hiki. Maziwa ya mama yamtosha.

Wala tusiyafanye majani kuwa mungu wetu. Nyuso za akina Danieli zilipendeza kwa sababu walimtegemea Mungu. Damu hupungua pia kwa malaria na minyoo, kwa hiyo mtoto aliyepauka apelekwe zahanati kwanza. Dawa na mboga vyote ni vipawa vya Mungu mmoja.

Katika Injili ya Yohana, sura ya 6, yuko mtoto aliyekuwa na mikate mitano ya shayiri. Mkate wa shayiri ulikuwa chakula cha maskini. Mtoto yule hakuuficha, wala Bwana hakuudharau. Aliutwaa, akashukuru, na maelfu wakashiba. Je, kama mtoto angeona haya, akaufunika?

Basi nawaomba tujaribu siku 10, kama Danieli. Kila nyumba iweke kitu cha kijani mbele ya watoto asubuhi, na baba mwenye nyumba awe wa kwanza kukila, watoto wakimwona. Nami naahidi mbele yenu: nikija kwenu, msimtume mtoto dukani. Nipeni kilichomo sufuriani. Nitakishukuru kwa Mungu na kukila pamoja nanyi.

Ee Bwana, uliyeivika nchi majani tangu mwanzo, utuondolee haya ya uongo, uwape watoto wetu afya, na utufundishe kupokea kwa shukrani kilichoota karibu nasi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.