Muuzaji Anyamazapo

Kwamba muuzaji asemaye uongo amekosa, hakuna abishaye. Lakini vipi yule asiyesema neno lo lote? Ajua ubovu wa kitu chake, hakuulizwa, naye akanyamaza, akapokea fedha. Je, ametenda haki, au amedanganya? Kila aliyenunua ng'ombe mnadani ajua kwamba swali hili si la vitabuni tu. Leo twataka kulipima kwa mfano wa kitu kilicho kigeni kwa wengi wetu, ambacho ubovu waweza kujificha ndani yake mahali pengi: nyumba ya magurudumu, wanayosafiria Wamarekani.

Hii ni motakaa kubwa yenye vitanda, jiko, tangi la maji na choo. Kiwanda cha Winnebago, katika mji wa Forest City, jimbo la Iowa, kilianza kuzitengeneza mwaka 1966. Mara nyingi kiwanda kimoja, kama Ford, hutengeneza fremu na injini, na kingine hujenga nyumba juu yake. Iliyo mpya ni ghali sana, kwa hiyo wengi hununua kuukuu, na wako wazee waliostaafu watoao akiba ya miaka mingi kwa ajili yake.

Kwanza tumtazame mnunuzi, maana yeye naye ana wajibu. Mnunuzi asiye mwangalifu hutazama rangi na mapazia, kisha kipimo cha maili; akiona maili ni chache, hufurahi. Hapo ndipo akosapo. Motakaa hizi nyingi hukaa miezi mizima bila kutembezwa, na chombo kisichotumiwa huharibika kimya kimya. Mipira hupasuka kwa jua na uzee ijapokuwa haijalika kwa barabara. Petroli huchacha na kuziba mirija, breki hushika kutu, panya hutafuna nyaya. Afadhali maili nyingi zenye matunzo kuliko maili chache zilizosahauliwa.

Mnunuzi mwenye busara husoma tarakimu nne za mwisho zilizopigwa ubavuni mwa mpira: 2316 maana yake ulitengenezwa juma la 23 la mwaka 2016, na watengenezaji wengi huonya usitumiwe kupita miaka 10. Huigusa injini kabla haijawashwa. Akiikuta ina moto, huuliza kwa nini, maana injini yenye taabu ya kuwaka asubuhi yaweza kuwaka upesi ikiwa imekwisha kupashwa moto. Hutazama moshi; ukiwa wa buluu, injini inaunguza mafuta yake ya kulainishia. Hukandamiza kuta kwa mkono karibu na pembe za paa, kwa kuwa maji ya mvua yakipenya hapo huozesha mbao. Huomba karatasi za fundi zenye tarehe za kubadili mafuta. Asiyefanya hayo amekubali mwenyewe kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Lakini macho yana mpaka. Ubovu wa giaboksi uonekanao tu baada ya kupanda mlima kwa saa mbili hautajulikana kwa kuizungusha motakaa mtaani dakika kumi. Mwenyewe aujua, mgeni hana njia ya kuujua. Basi hapo ulimi wa muuzaji wadaiwa nini?

Swali hili ni la kale. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero wa Roma aliandika habari za mtu auzaye nyumba yenye mbao mbovu, ambazo hakuna azijuaye ila yeye. Alieleza mabishano ya wenye hekima wawili. Diogenes wa Babeli alisema kwamba kunyamaza si kuficha, wala mnunuzi hakulazimishwa kununua. Antipater alijibu kwamba ni sawa na kukataa kumwonyesha njia mtu aliyepotea. Tena ni zaidi, kwa sababu wamwacha aingie hasarani nawe wajua. Cicero aliona kwamba muuzaji hakupaswa kuficha.

Labda mtu atasema, sheria yatosha. Huko Marekani, tangu mwaka 1985, wafanyi biashara wa motakaa kuukuu huamriwa kubandika dirishani karatasi ya kusema kama chombo chauzwa kwa dhamana au kama kilivyo. Lakini amri hiyo haimgusi mtu auzaye motakaa yake moja, wala haihusu magari yaliyokadiriwa kubeba uzito wa ratili 8,500 na zaidi pamoja na mzigo wake. Na nyumba kubwa za magurudumu hupita kiasi hicho. Mahali sheria iishiapo, dhamiri yapaswa kuendelea peke yake.

Wala hasara si ya mnunuzi tu. Mwaka 1970 mtaalamu wa uchumi, George Akerlof, alieleza jambo hili katika makala juu ya motakaa kuukuu, na mwaka 2001 alipewa tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Wanunuzi wasipoweza kupambanua nzima na mbovu, hutoa bei ya katikati kwa zote. Mwenye motakaa nzima huona bei haitoshi, huiondoa sokoni. Zibakizo ni mbovu. Hivyo anyamazaye humwibia hata jirani yake mwaminifu, ambaye neno lake la kweli haliaminiwi tena.

Hukumu yetu ni hii. Lionekanalo kwa bidii ni deni la mnunuzi kulitafuta. Lijulikanalo kwa mwenyewe tu ni deni la muuzaji kulisema, hata asipoulizwa. Tukiambiwa kwamba maskini atapunguziwa bei, twajibu kwamba bei ya kitu kizima haikuwa haki yake, kwa kuwa hakuwa na kitu kizima. Naye muuzaji ajipime hivi: kama anaogopa mnunuzi asijue jambo fulani kabla ya kutoa fedha, basi kunyamaza kwake kunafanya kazi ile ile ya uongo. Na auzaye baiskeli ambayo fremu yake ilivunjika, ikaunganishwa na kupakwa rangi, hukumu yake ni hiyo hiyo.