Kipimo cha Kumsaidia Yatima

Alipouawa Jaafar bin Abi Talib huko Muta, mwaka wa 8 wa Hijra, Bwana Mtume (S.A.W.) aliamrisha jamaa zake wapikiwe chakula. Zilipopita siku 3 aliwaendea watoto, akaamuru aitwe kinyozi wanyolewe, akawaombea dua.

Sisi twahesabu masufuria ya matanga. Siku ya nne yatima haulizwi neno. Ndugu Waislamu, msaada haupimwi kwa sahani zilizoliwa. Na upimwe kwa mtoto mwenyewe: je, alala usingizi? Acheza na wenziwe? Amerudi chuoni? Naye aulizwe tena mwaka wa pili, kwani huzuni ya mtoto hujificha.

Suratun-Nisaa yatuamrisha kuwajaribu mayatima kabla ya kuwakabidhi mali zao. Basi moyo wa yatima nao ni amana. Wabillahi taufiq.