Miaka Saba na Amana ya Kinywa

Mtoto atimizapo miaka saba, umri ambao wazee wetu wa pwani huanza kumwamrisha sala kwa kuwa akili yake imekwisha kupambanua, kinywa chake nacho huwa kimefikia hali ya kustahiki kutazamwa. Na chama cha mabingwa wa kupanga meno cha Marekani kinawausia wazazi wasiuache umri huo upite kabla mtoto hajaonwa na bingwa.

Sababu yake ni wazi. Yapata mwaka wa sita, nyuma ya meno 20 ya utotoni, huchomoza magego manne ya ukubwani bila jino lolote kung'oka kuyapisha, na wazazi wengi, wakidhani kuwa hayo nayo yatang'oka, huyapuuza hata yakaoza, ilhali ndiyo nguzo za kinywa kizima. Yakisha kutokea pamoja na meno ya mbele, bingwa huweza kujua kama taya la juu ni jembamba kupita kiasi, au kama kunyonya kidole kumeyasukuma meno nje. Na kwa kuwa mifupa ya kaakaa bado haijashikana barabara, kulipanua taya huwa kwepesi kuliko baada ya baleghe. Udongo uwahi ungali maji. Mzazi naye anaweza kumweka mwanawe penye mwanga na kumwambia aume polepole: kidevu kikihama upande meno yanapokutana, asikawie kumpeleka.

Walakini kutazamwa mapema si kutibiwa mapema, na watoto wengi hurudi nyumbani bila waya wowote, wakiambiwa tu warejee baada ya muda. Mama jirani yangu aliingiwa na hofu kwa ajili ya mwanya wa binti yake, nami nikamwambia kuwa mara nyingi mwanya wa umri huo hujifunga chonge za juu zinapoota, kiasi cha miaka 11 au 12. Na usipojifunga, kwetu umehesabiwa miongoni mwa alama za uzuri tangu na tangu, wala si haki kumtahayarisha mtoto kwa huo.

Asiye na bingwa karibu na aanze kwa daktari wa meno wa hospitali iliyo jirani, ampeleke mtoto angali mzima. Kwani ni desturi yetu ya kungojea maumivu iliyowafunza watoto kumwogopa tabibu kuliko jino bovu lenyewe.