KHUTBA YA IJUMAA: MTOTO ASIYEONEKANA MASOMONI

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Bwana wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, watu wa nyumba yake na masahaba wake wote. Amma baad.

Ndugu Waislamu, wazee wangu, na nyinyi mama zetu mlio nyuma ya pazia, ninawausia pamoja na nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu. Leo tunasema juu ya watoto wetu wa sekondari wanaotoka nyumbani asubuhi na sare nyeupe na buluu, lakini masomoni hawafiki.

Ninaanza na kosa langu mwenyewe. Baba mmoja wa ng'ambo ya Alunguli alinijia na hasira. Buletini ya mtoto wake ilijaa siku za kukosa, na watu walimwona kijana ameketi penye mitumbwi kutwa nzima, anatazama maji ya mto. Akaniuliza: Shehe, nimfanye nini? Nilimjibu mbiombio, maana saa ya adhana ilikuwa karibu: mchape, atarudi. Akamchapa. Mtoto hakurudi, na chakula pia akaanza kukiacha.

Bibi yake ndiye aliyeketi naye usiku, bila kumgombeza, mpaka akasema. Alikuwa Goma mwezi wa kwanza 2025, vita vilipoingia mjini. Aliyoyaona njiani sitayasema mimbarini. Tangu alipofika hapa Kindu hapati usingizi. Darasani mlango ukipigwa na upepo moyo unamruka, jasho linamtoka, wenzake wanacheka. Akaona heri mto.

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Hata mimi.

Ndugu zangu, tazameni Nabii Sulaiman, amani iwe juu yake, katika Suratun-Naml. Alikagua ndege, akaona Hudhud hayupo. Alikasirika, akataja adhabu kali, lakini aliacha mlango wazi: kama ataleta sababu iliyo wazi. Hudhud akaja, na mfalme mwenye majeshi ya watu na majini akamsikiliza ndege. Sisi tunashindwa kumsikiliza mtoto wa kumzaa wenyewe!

Na Mtume wetu, rehema na amani zimfikie, alimkosa mtu aliyekuwa akifagia msikiti wa Madina. Akamwulizia. Wakamwambia amekufa, wamekwisha kumzika, kwani waliona jambo lake ni dogo. Hakulikubali hilo, alitaka aonyeshwe kaburi, akamswalia. Tena alipoingia nyumbani kwa Ummu Sulaim akamkuta mtoto Abu Umair na huzuni, aliuliza ana nini. Akaambiwa ndege wake mdogo amekufa. Mtume wa Mwenyezi Mungu akamtania mtoto juu ya ndege wake, kumfungua moyo.

Wengine watasema: huyo ana majini, au imani yake ni haba. Nabii Yaakub alilia juu ya Yusuf mpaka macho yakawa meupe. Nani atathubutu kusema imani yake ilikuwa haba? Kumsomea mtoto Kurani ni vizuri, mimi mwenyewe ninasoma. Lakini Mtume alituamuru pia kutafuta dawa, na moyo unaugua kama tumbo linavyougua. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kwamba penye vita, au palipopita vita katika miaka kumi, watu 22 katika kila 100 wana ugonjwa wa namna hiyo. Hesabuni safu zetu hizi, mwone ni wangapi. Mtoto asiyelala, asiyekula, au anayesema heri afe, msimwache peke yake hata usiku mmoja. Mpelekeni kwa mganga wa kituo cha afya.

Tusisahau na minervali. Masomo ya msingi yalifanywa ya bure mwezi wa tisa 2019, lakini sekondari mzazi ameendelea kulipa. Mtoto akifukuzwa mbele ya wenzake mara ya tatu, mara ya nne anajifukuza mwenyewe. Kama huna pesa, nenda mapema kwa prefe uombe muda. Afadhali aibu ikupate wewe mtu mzima.

Yule kijana sasa anakwenda siku tatu kwa juma. Prefe amekubali aketi karibu na mlango, na atoke nje moyo ukimbana. Siku nyingine bado anashindwa. Nimekwenda kwa baba yake kuomba radhi, na kwa mtoto pia.

Baada ya sala, wazazi wenye watoto wa sekondari wabaki barazani kidogo. Mama zetu nao wabaki upande wao. Tutaandika watoto ambao hawajaonekana masomoni mwezi huu, na jioni wawili wawili watapita nyumbani kwao kuwauliza hali. Atakayekwenda, fimbo aiache nyumbani.

Ninasema maneno yangu haya na kumwomba Mwenyezi Mungu msamaha, kwangu na kwenu. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.