Kondoo Ambao Sauli Hakuwasikia
Andiko: 1 Samweli 15:10-31

Tukimtaja Sauli huwa tunamtaja kama mtu aliyeshindwa na kazi. Mimi naomba tumtendee haki kidogo. Kazi alikuwa anaijua. Soma sura ya 11: Yabesh-gileadi imezingirwa na Waamoni, na huyu mtu anayetoka shambani nyuma ya ng'ombe anakusanya watu 330,000, anawagawa vikosi vitatu, na jua likiwa kali vita vimeisha. Meneja gani wa leo anaweza hiyo?

Sasa njoo sura ya 15. Ameagizwa asibakishe chochote cha Waamaleki. Amebakisha mfalme wao na mifugo iliyonona. Samweli anafika, na kabla hajasema neno, Sauli anambariki na kumwambia ameshatimiza agizo la Bwana. Na kondoo wanalia hapo hapo! Mimi siamini kwamba Sauli alikuwa anadanganya tu. Naona alikuwa ameshajisadiki mwenyewe. Mzee aliyefika sasa hivi anasikia kondoo, mwenye kondoo hasikii.

Akibanwa anasema ni watu waliowaacha hai. Ni mpaka mstari wa 24 ndipo anakiri kwamba aliwaogopa hao watu. Na si woga wa siku hiyo. Siku ya kutangazwa mfalme alikuwa amejificha kwenye mizigo. Walimtoa yeye, woga haukutoka.

Mimi nilipopewa uenyekiti wa kamati ya ujenzi nilikuja na digrii yangu ya biashara, laptopu, na bajeti ya kurasa 12. Hesabu zilikuwa safi, hata leo nazitetea. Lakini mkutano wa kwanza tulikuwa watu 11, wa nne tukawa 5. Nikasema watu hawajajitoa. Nikawaombea hata, kwa sauti, wakiwa pale. Kisha mama aliyekuwa mweka hazina akaandika barua ya kujiuzulu.

Nilienda kwake nikijua naenda kumshauri. Akanimiminia chai, akasema, "Pasta, mtu akikuuliza swali, wewe hucheka kwanza. Mimi sikusoma sana. Nikichekwa, nanyamaza."

Nilikataa. Tukiwa kwa gari nikamwuliza mke wangu, nikingoja anitetee. Aliangalia nje kwa dirisha kwa muda. "Hata nyumbani," akasema.

Ilinichukua siku kadhaa za maombi kuona kitu kidogo hivyo: mimi hucheka nisipojua jibu. Naogopa ionekane kwamba mwenye digrii hajui. Ni woga ule ule wa Sauli, wangu tu umevaa tai. Chuoni walinifundisha kusoma vitabu vya hesabu vya kampuni nzima; hilo hawangeniambia.

Daudi alifanya makubwa kuliko kubakisha kondoo, tunajua. Lakini Nathani alipomaliza kusema, alikiri bila kutaja mtu mwingine. Sauli naye alikiri, halafu papo hapo akaomba aheshimiwe mbele ya wazee.

Yule mama hajarudi kwenye kamati. Anasema bado anaomba. Jumanne iliyopita fundi aliniuliza kwa nini simiti niliyoandika ni kidogo, na kile kicheko nikakisikia kikipanda. Nikakimeza. Nikamwambia, "Sijui. Hebu nieleze."