Shukrani ya Nafuu

Katika vilima vya Kangundo, ambavyo jembe la Wakamba limevichonga ngazi kwa ngazi kwa matuta ya fanya juu, udongo ukirushwa upande wa juu wa mtaro ili mvua isiuchukue, hapana mtu mzima asiyeyajua mavune: maumivu yale yasiyomjia mtu siku yenyewe ya mwethya, kazi ya ushirika ya wanakijiji, bali kesho yake na kesho kutwa, mgongo ukawa mgumu, mapaja yakawa mazito, na usiku msuli wa shavu la mguu ukakaza ghafula hata usingizi ukamtoka.

Kwa maumivu hayo wengine hukandwa kwa maji ya moto, wengine huchuliwa kwa mafuta, na siku hizi wako wanaotafuta tembe tamu za homeopathia, madhehebu ya tiba yaliyoasisiwa mwaka 1796 na tabibu wa Kijerumani, Samuel Hahnemann, kwa itikadi kwamba kitu kimtiacho mzima dalili fulani ndicho kimponyacho mgonjwa mwenye dalili hizo, na ya kwamba dawa kadiri izimuliwavyo na kutikiswa ndivyo izidivyo nguvu. Ndiyo maana shaba, ambayo sumu yake hukaza misuli, hutolewa kwa msuli uliokaza, na ua la arnika kwa mavune. Lakini arnika iliyozimuliwa sehemu moja kwa kumi, mara 30 mfululizo, kwa hesabu ya kemia haitarajiwi kubakiwa hata na chembe moja ya ua lile; na jaribio la wakimbiaji wa masafa marefu lililochapishwa mwaka 1998, ambamo baadhi yao walipewa arnika ya namna hiyo na wengine tembe tupu, halikuona kwamba wa kwanza waliumwa kidogo kuliko wenzao.

Hata hivyo swali linalonishughulisha si la kemia. Mtu akipewa tembe isiyo na dawa, kisha akapata nafuu, shukrani yake ni haki ya nani? Mavune, kwa kudura ya Mwenyezi Mungu, huondoka yenyewe kwa siku chache. Nyuzi za msuli zilizojeruhiwa na kazi isiyozoeleka hujijenga upya, na aghalabu huwa imara kuliko awali. Basi yeyote atoaye chochote siku ya pili atasifiwa siku ya tano. Mwenye kusimama kati ya rehema hiyo na mja aliyerehemiwa, akapokea ujira na sifa, amepokea amana isiyo yake.

Nitaambiwa kwamba wauzaji wengi wa tembe hizo huziamini kwa moyo safi. Nakubali, na simwiti mwongo mtu asiyesema uongo. Lakini unyofu wa nia humwondolea mtu dhambi ya hadaa tu, haumwondolei faradhi ya kuhakikisha, hasa akiwa ameshika mwili wa mwenziwe. Tena insafu yanilazimu kusema kwamba tabibu wa homeopathia huketi na mgonjwa kitambo kirefu, akamwuliza habari za usingizi wake, hofu zake na huzuni zake, jambo ambalo mkulima aliyepanga foleni tangu alfajiri hulipata kwa nadra mahali pengine. Huo ni wema wa hakika. Wastahili kutolewa kwa jina lake wenyewe, bila kuvishwa joho la dawa, na matabibu wetu wa hospitali wangefanya vyema kuuiga.

Lakini faradhi ile ya kuhakikisha yabaki pale pale, maana msuli ukazao si mavune kila mara. Kwa mzee, mkazo urudio usiku baada ya usiku huenda ukatokana na kisukari, au na dawa anazokunywa za shinikizo la damu. Na mguu mmoja uliovimba, wenye joto na maumivu, huenda umeganda damu ndani ya mshipa. Mkandaji mwenye busara akiuona mguu wa namna hiyo huondoa mkono wake, na kuamrisha mgonjwa apelekwe hospitali ya Kangundo siku ile ile, kwa kuwa ajua mwisho wa maji ya moto. Aliyefundishwa kwamba kila dalili ina tembe yake, atajua wapi mwisho wa tembe?